750 Damasko balichinjwa, 751 Wafaranki balinyolewa tu: juu ya nini?

Mtoto_wa_Kenya (Lubumbashi)

Jambo yenu wote, natumaini muko salama. Niko na swali yenye inanikatalia usingizi tangu juzi na hapa nyumbani hakuna mutu wa kunijibu, papa yeye anasema tu "bale bantu ba zamani uachane nabo, kwanza umelipa maji?"

Iko hivi. Mudogo wangu wa kike iko anajitayarisha kwa mitihani ya historia, nikachukua kaye yake nimuulize masomo, umeme ulishaenda, tunasomea tochi ya simu. Ku ukurasa moja kuko mistari mbili zinafuatana. Ya kwanza: 750, Bani Umayya (ule ukoo wa makhalifa ba Damasko) banaangushwa na Bani Abbas. Ya pili: 751, Childéric III anaondolewa, Pépin Mfupi anakuwa mfalme wa Wafaranki (bale ba Ufaransa ya zamani). Basi. Mwalimu wao alibaambia tu mushike kwa kichwa. Mutoto ananiuliza "yaya, bale bote balikufa namna gani?" na mi nikajifanya najua, nikasema balibaua tu bote, kumbe nilimudanganya.

Juu kiisha nilitafuta, paka inite zikaisha. Ile ya 750 njo damu kweli kweli. Marwan wa pili, khalifa wao wa mwisho, anapigwa ku mto Zab mu Januari, anakimbilia Shamu, anakimbilia Misri, banamufuata paka kule, banamuulia Busir mwezi wa 8. Ndugu zake banatafutwa kila pahali. Kuko ile habari ya Palestina, ku mto Abu Futrus, banaita bantu ba ule ukoo karibu 80 ku karamu, banabapiga palepale, na inasimuliwa kama benye kuita karamu balitandika mikeka juu ya miili bakaendelea kula na chini bengine balikuwa bado banaguna. Hata makaburi ya Damasko ilifukuliwa. Sasa mwaka moja tu kiisha, kwa Wafaranki (mudogo wangu alicheka, alifikiri ni falanga za mufuko), mfalme anaangushwa na mukasi. Banamukata nywele, banamuingiza mu monasteri ya Saint-Bertin, mwana wake banamuingiza mu monasteri ingine, inaisha vile.

Ukoo mbili kubwa, moja ilitawala karibu miaka 90, ingine zaidi ya 250, na zinaanguka mwaka moja nyuma ya ingine. Juu ya nini huku kisu na kule mukasi? Mi nilifikiri labda ni dini, kama Wakristo balikuwa na huruma zaidi, lakini sina hakika, musinicheke.

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)

Kaka hatukucheki, swali lako linapita ile kaye. Ila hiyo ya huruma ya Wakristo tuitoe mezani kabla hatujaanza kula.

Chukua ukoo wa huyohuyo Childéric, miaka zaidi ya 200 nyuma. Mfalme Clodomir alikufa vitani mwaka 524 akaacha watoto watatu wa kiume, bibi yao malkia Clotilde akawa anawalea. Sasa baba zao wadogo, Childebert na Clotaire, wakaona hawa wakikua watadai fungu la baba yao. Wakamtumia bibi ujumbe awalete watoto, eti wanataka kuwapandisha kwenye kiti. Bibi akafurahi, akawalisha, akawatuma. Kidogo mjumbe anarudi, mkono mmoja ameshika mkasi na mwingine upanga uchi, anasema mama chagua, wanyolewe waishi au wauawe. Bibi kwa uchungu akatamka kwamba kama hawatatawala basi afadhali awaone wamekufa kuliko wamenyolewa. Clotaire hakungoja kuambiwa mara mbili. Wa kwanza alikuwa na miaka 10. Wa pili, wa miaka 7, alijirusha akashika magoti ya Childebert, na Childebert akaanza kulia na kumwomba mdogo wake amwachie huyu, anataka hata kumlipa, Clotaire akamwambia mtupe huku ama ufe wewe mahali pake. Akamtupa. Wa tatu, Clodoald, alitoroshwa na watu wenye roho nzuri, akajikata nywele kwa mkono wake mwenyewe, akaingia utawa. Kile kimji cha Saint-Cloud karibu na Paris kimebeba jina lake.

Habari hiyo aliiandika Grégoire, askofu wa Tours, Mkristo akiandika habari za Wakristo waliobatizwa. Kwa hiyo dini tuiache, kisu walikijua vizuri sana.

Ona lakini bibi alivyosema. Kunyolewa kwake kulikuwa sawa na kufa. Kwa Wafaranki wanaume wa nyumba ya mfalme peke yao ndio waliachiwa nywele zishuke mabegani, tangu utoto hazikatwi. Kwa hiyo ukimkata umemvua ufalme mbele ya watu wote na hakuna karatasi ya kusaini.

Jibu langu kwa ufupi: Pépin hakuwa na sababu ya kuua kwa sababu vyote alikuwa navyo tayari. Nyumba yao walikuwa mameya wa ikulu, ndio walishika jeshi, hazina, mashamba, wajumbe wa nje. Baba yake Charles Martel, mfalme Thierry IV alipokufa mwaka 737, hakuweka mfalme mwingine. Kiti kilikaa tupu miaka 6! Na hakuna aliyelia. Einhard, aliyeandika maisha ya Charlemagne, anasimulia kwamba wale wafalme wa mwisho kilichowabakia ni nywele, ndevu na shamba moja, wanazungushwa na gari la ng'ombe wakivutwa na mchungaji. Huyo mumsome kwa tahadhari, alikuwa mtu wa nyumba ya walioshinda, lazima awachekeshe walioshindwa. Lakini ule mwaka 737 wenyewe unaonyesha hali ilivyokuwa.

Chukudu_Express (Goma)

Ngoja kwanza, Pépin si alikuwa mwana wa Charlemagne? Na uyo Charles Martel alikuwa mfalme wa ngapi?

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)

Geuza ndugu yangu. Charles Martel baba, Pépin mwana, Charlemagne mjukuu. Na Martel hakuwa mfalme hata siku moja, alikufa 741 ni meya tu.

Kinyozi_wa_Birere (Goma)

Apa njo pangu. Wakubwa nawasalimu, miye kazi yangu ni kunyoa bantu, mwaka wa 14 sasa, kasaluni kangu kako apa Birere karibu na fasi ba chukudu (ile baiskeli kubwa ya mbao ya kubebea mizigo) banashusha makaa, kwa ivo mambo ya nywele muniachie kidogo.

Mwaka jana alikuya kijana moja, rasta paka kiunoni, miaka tisa hajagusa mukasi. Alipata kazi fasi, bakamuambia ukate ao ubaki nyumbani. Alikaa ku kiti, nikawasha mashine, akaniambia zima. Nikazima. Tukakaa vile dakika kumi, anajiangalia mu kioo, bateja bengine banaanza kunung'unika. Kiisha akafunga macho akasema kata. Nilipomaliza aliziokota zote chini yeye mwenyewe, moja moja, akatia mu sashe, akalipa, akaenda bila kujiangalia tena mu kioo. Kwa ivo ule bibi wa Paris mi namusikia.

Lakini apa kuko kitu Mwalimu umeruka. Ule kijana miezi kumi kiisha alirudi ku kiti yangu na nywele. NYWELE INAMEA! Ukikata mutu kichwa haimei tena, ukikata nywele ngoja tu mwaka. Sasa Pépin alikuwa mujinga? Alinyoa mfalme akalala usingizi, na kule mu monasteri ule mutu nywele inaongezeka kila siku?

Mtoto_wa_Kenya (Lubumbashi)

Weee kinyozi umeniua 😂 kweli bana, mi sikufikiri ile hata kidogo

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)

Kinyozi, umenikamata, na tena historia iko upande wako. Zilimea kweli, na si mara moja.

Kulikuwa na mtu anaitwa Gondovald, anasema yeye ni mwana wa Clotaire, yule wa upanga. Clotaire akasema huyu simjui, akamkata nywele. Zikamea. Mwana wa Clotaire, Sigebert, naye akamkata. Zikamea tena, akaenda mpaka Konstantinopoli, miaka ya 580 akarudi na pesa za huko kudai ufalme, na walio vitani dhidi yake walikuwa wanamtukana kwa hilohilo, eti si wewe yule uliyenyolewa kila mara. Mwisho walimuua. Halafu Thierry III, mwaka 673 wanamnyoa wanamfungia Saint-Denis, miaka miwili baadaye ni mfalme tena na nywele zake. Halafu mwaka 715 walipokosa mfalme walimtoa mtu kwenye maisha ya kanisa, jina lake Daniel, wakangoja nywele zimfike pazuri wakamwita Chilpéric II. Kwa hiyo mkasi peke yake hautoshi, unachelewesha tu.

Na nyumba ya Pépin walishaungua hapo. Karibu miaka 100 kabla yake, babu wa ukoo wao, meya Grimoald, alijaribu. Mfalme Sigebert III alipokufa aliacha mtoto, Dagobert, Grimoald akamnyoa yule mtoto, akampeleka mbali kabisa, Ireland, akampandisha mwana wake yeye kwenye kiti. Alikuwa na nguvu zote kama Pépin. Lakini wakubwa wengine hawakukubali, Grimoald akakamatwa akauawa Paris, na yule Dagobert alirudi kutoka Ireland mtu mzima akatawala. Unafikiri wajukuu walisahau? Ndiyo maana Martel alikaa karibu na kiti kitupu miaka ile na hakukikalia, na mwaka 743 Pépin na kaka yake Carloman walienda kumtafuta huyu Childéric wakamkalisha wenyewe.

Kilichobadilika 751 ni mafuta. Pépin alituma watu wawili Roma, Burchard askofu wa Würzburg na Fulrad wa Saint-Denis, wamuulize Papa Zacharie: wafalme wasio na nguvu yoyote, ni vizuri iwe hivyo? Papa akajibu ni afadhali aitwe mfalme yule mwenye nguvu. Lilikuwa swali la mtu aliyekwisha jua jibu, maana huko Italia Walombardi walikuwa wanamkaba Papa, mwaka uleule 751 mfalme wao Aistulf alichukua Ravenna, na Konstantinopoli haimsaidii. Basi Pépin akachaguliwa Soissons, maaskofu wakampaka mafuta kama Samweli alivyompaka Daudi. Mwaka 754 Papa mwingine, Étienne II, baada ya kuvuka Alpi wakati wa baridi, akampaka tena pale Saint-Denis, safari hii pamoja na watoto wake wawili, na akawakataza Wafaranki wasichague mfalme nje ya nyumba hiyo. Sasa hapo kinyozi, nywele za Childéric zimee mpaka zifike chini. Alama imehama kichwani, imekuwa mafuta, na chupa ya mafuta iko kwa maaskofu.

Mama_Katuba (Lubumbashi)

Nimesoma yote, aksanti Mwalimu. Lakini nyinyi banaume munaongea nywele, munaongea mafuta, hakuna hata moja aliuliza nani alikuwa analipa basoda.

Bwana wangu alikaa miezi 11 bila mushahara ku kampuni moja hapa, muniamini, kule asubui mutu anavaa bote zake anaenda kazi lakini macho yake inaangalia mukubwa wa kazi vingine kabisa. Na ule hana bunduki. Sasa mutu iko na upanga?

Mwangalieni Maurice, kaizari wa Konstantinopoli. Mutu muzuri wa hesabu, alikuta hazina tupu, akaanza kukatakata. Mwaka 588 anapunguza malipo ya basoda robo nzima, banaasi. Hakusikia. Mwaka 602 iko na jeshi ku mto Danube, baridi inakuya, bao banataka kurudi kwao ku bibi na batoto, yeye anatuma amri mulale ngambo ile, mu inchi ya adui, mujilishe na vya kule, juu hazina itapumua. Theluji! Bakamuchagua mudogo tu kati yao, Phocas, bakamubeba juu ya ngao, bakarudi naye mujini. Bakashika Maurice, bakamuulia batoto bake batano ba kiume mbele ya macho yake moja moja, kiisha yeye. Mi naweza kusema amri ile ya kulala ngambo njo ilimugarimu pesa nyingi kupita mishahara yote, juu kiisha Khosrow wa Uajemi akasema Maurice alikuwa kama baba yangu, naenda kumulipizia, vita ikakamata zaidi ya miaka 20.

Na mu Iraki, 869. Khalifa al-Mu'tazz, basoda Waturuki banasimama ku mulango banasema tupatie dinari 50,000 tu tunaenda zetu. Hana. Anaomba mama yake, jina lake Qabiha, mama anasema sina hata moja. Bakamukokota khalifa inje ku jua la mwezi wa 7, bakamusimamisha juu ya mawe ya moto, anainua muguu moja anashusha ingine. Alikufa. Kiisha kidogo hazina ya mama ikapatikana imefichwa, dinari na mawe ya bei, nyingi kupita ile deni. Ule mama mi namufikiria sana, nikiwa ku meza yangu sokoni nahesabu makuta.

Sasa ku swali. Charles Martel alishalipa basoda yake zamani, alikamata mashamba ya kanisa akabagawia. Bantu ba Pépin balikuwa na shamba, na farasi, na matumbo yalijaa, hakuna kisasi ndani yao. Balibarudisha Childéric mu monasteri namna unarudisha kiti cha kukopa. Lakini ile jeshi ya Bani Abbas ilitoka wapi? Ilitoka njaa.

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)

Mama, heshima zako. Nakubali kabisa na naongeza kipande hapo hapo pa jeshi.

Lilitoka Khorasan, mashariki kabisa, huko ambako leo ni Iran, Turkmenistan na Afghanistan. Mwaka 747 Abu Muslim aliinua bendera nyeusi karibu na Merv. Waliomfuata kulikuwa na Waarabu waliokaa huko siku nyingi wanaona Damasko inawanyonya, na kulikuwa na Waajemi walioingia Uislamu wakatazamia kuwa sawa na wengine, lakini kwenye kodi na kwenye malipo ya jeshi wakabaki nyuma. Hao walitembea kutoka Merv mpaka Misri. Umetembea umbali huo kwa ajili ya kinyongo, ukifika hutanyoa mtu.

Na kuna damu yenyewe. Pépin alisema mimi natawala kwa sababu nina nguvu na nimepakwa. Bani Abbas walisema tunatawala kwa sababu sisi ni ukoo wa Mtume, kupitia ami yake Abbas. Mwanzoni hata hawakutaja jina, walikuwa wanaita tu watu wamfuate "yule atakayekubalika katika nyumba ya Muhammad", kila mtu akaweka jina lake moyoni, wengi waliwaza wajukuu wa Ali. Mwaka 749 pale Kufa akatoka Abu al-Abbas, watu wakashangaa. Sasa ukijenga haki yako juu ya ukoo, kila mwenye ukoo mwingine wa heshima ni mpinzani akiwa hai, hata akiwa mtoto, na hata waliokubeba unawaogopa. Abu Muslim mwenyewe, aliyewapa kila kitu, khalifa wa pili al-Mansur alimwita kwake mwaka 755 akamuua ndani ya hema.

Chukudu_Express (Goma)

Kwa ivo aliwasukumia chukudu kwenye mlima mpaka juu kisha wakamkata kichwa. Sawa.

Kinyozi_wa_Birere (Goma)

Mi nataka kurudi ku mukasi juu kazi yangu inanilazimisha. Wote munasema kisu kinamaliza. Haikumaliza!

Kuko muzee moja muteja wangu, muislamu, kila ijumaa mbele ya swala namutengeneza ndevu. Nilimuuliza ile ya 750 akaniambia ngoja nikuambie ule mwenye alikimbia. Abdul-Rahman, mujukuu wa khalifa Hisham, kijana wa miaka 19 ao 20 ivi. Alikuwa amejificha kijiji kando ya mto Frati, anaona bendera nyeusi inakuya. Anakimbia na mudogo wake wa miaka 13 ivi, banajitupa mu mto. Basoda banafika ku kivuko banaita, rudieni, hatubafanyie kitu, muko salama. Katikati ya maji ule mutoto alichoka, akaogopa maji kupita watu, akageuka. Mukubwa anamuita, uyu anaogelea anarudi. Abdul-Rahman alifika ngambo akageuka akaona namna banamukata kichwa ku mchanga. Akakimbia. Palestina, Misri, Afrika ya kaskazini yote, na mutumishi wake Badr, miaka karibu tano, anafika kwa ba mama zake, juu mama yake alikuwa Muberiberi. 755 anavuka Hispania, 756 iko amiri wa Cordoba, na ule ukoo wenye balisema wamemaliza ukatawala kule miaka mingine zaidi ya 250. Mansur alituma mutu kumuangusha, mu 763, Abdul-Rahman akamushinda, akakata vichwa vya bakubwa, akavitia chumvi, akavituma. Muzee alinisimulia ile yote nikiwa na wembe ku shingo yake, mukono ilisimama, akaniambia endelea kijana.

Sasa muhesabu nyinyi. Walichinja ukoo muzima, ukarudi. Walinyoa mutu moja na mwana wake, haukurudi hata unywele moja.

Mtoto_wa_Kenya (Lubumbashi)

Hapa njo mi nakubaliana na kinyozi, tena iko ya Uajemi yenye inazidi. Ule Khosrow wa Mama Katuba, mwaka 628 kiisha ya kushindwa na Heraclius, kaizari wa Konstantinopoli, mwana wake Shiroe alimuangusha, akamuua, na ndugu zake bote ba kiume akabamaliza, ili alale. Alilala miezi michache tu, tauni ikamubeba. Sasa banatafuta mwanaume wa ukoo, hakuna! Mu miaka ine banapita watawala juu ya watawala, mutoto mudogo, mukubwa wa jeshi, kiisha banakalisha mabinti ba Khosrow, Boran na Azarmidokht, juu njo bao tu balibakia. Paka 632 njo banapata kijana Yazdegerd, na Waarabu bako ku mulango. 651 iko anakimbia peke yake karibu na Merv, anauawa, inasimuliwa kwa musagaji wa unga. Ile Merv ya bendera nyeusi.

Lakini Mwalimu, bado kitu moja. Mi naona Pépin naye hakuwa malaika. Mukubwa wake Carloman aliingia monasteri 747, sawa, tuseme kwa kupenda. Na ule ndugu yake ingine wa mama ingine, Grifo?

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)

Grifo alipigana naye miaka mingi na akauawa 753 akiwa njiani kukimbilia Italia. Na Carloman aliporudi kutoka Italia kuja kuingilia mambo ya Papa na Walombardi, alifungiwa monasteri huko Vienne akafia huko, na watoto wake nao wakaingizwa utawani. Kwa hiyo unaona, wa kuogopwa walikuwa wale wa nyumba yake mwenyewe. Childéric hakuwa na jeshi, hakuwa na mashamba, hakuwa na ndugu wa kumlilia. Mama Katuba amesema kiti cha kukopa, sina bora zaidi ya hiyo.

Kisu kinatoka pale mtu anapoogopa. Siwezi kusema Pépin alikuwa mwema zaidi ya as-Saffah, yaani yule Abu al-Abbas wa Kufa. Nasema alikuwa na usalama zaidi, basi.

Mama_Katuba (Lubumbashi)

Na hapa kwetu wakati ule? Au 750 ilikuwa ya bengine tu?

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)

Mama, huko kwenu Katanga karibu na wakati huo ndipo yanaanza yale makaburi ya Ziwa Kisale, Sanga na jirani zake, kuanzia karne ya 8 hivi. Hawakuandika, lakini walizika. Mmoja anazikwa na vyungu vichache, jirani yake na shaba, pembe ya ndovu na chuma, na hata kaburi la mtoto mdogo lina utajiri ambao hakuupata kwa kazi ya mikono yake. Kuna mashoka ya heshima ambayo hayakukata mti hata mmoja. Nani alimwondoa nani, kwa kisu au kwa mkasi, udongo hautuambii, ila wakubwa walikuwepo na alama zao walikuwa nazo.

Mama_Katuba (Lubumbashi)

Aksanti. Ile kaye haina hata mustari moja ya Kisale, mi naona vile.

Mtoto_wa_Kenya (Lubumbashi)

Haina, mama, nimeangalia sasa hivi.

Mudogo wangu alipita mitihani leo asubui. Swali ilikuwa: "Childéric III aliondolewa mwaka gani?" Basi. Aliandika 751 kiisha akaongeza yeye mwenyewe chini "alinyolewa, hakuuawa, juu hakuna mutu alikuwa anamuogopa", anasema mwalimu alisoma, akamwangalia, akapita. Anauliza kitu ya mwisho, ni ya kinyozi: Pépin kiisha kukamata ufalme, yeye naye alifuga nywele ndefu?

Kinyozi_wa_Birere (Goma)

Nilimuuliza Mwalimu pembeni. Apana. Ile nyumba balikata fupi, hata Charlemagne ku pesa zake zenye banamuchora iko na nywele fupi na masharubu, bila ndevu. Mwambie mudogo wako ile ni kazi ya dakika kumi na tano, masharubu njo inaomba mukono.